Uliza Tukujibu: Ndani ya 1,234,567,890

Katika toleo lililopita tuliandika nambari moja tu, 1,234,567,890, tukawaomba wasomaji watuulize lolote juu yake. Ni nambari ambayo vidole huiandika vyenyewe mtu anapojaribu kibodi mpya: tarakimu kumi, kila moja mara moja, kwa mfuatano. Maswali yamekuja kutoka kila pembe ya Nairobi, na saba kati yake tunayajibu hapa. La kwanza tumelipa nafasi kubwa kwa sababu mengi ya mengine yanalitegemea.

Mwalimu, shikamoo. Niko Gredi ya 9, naishi Umoja. Nambari yenu nimeigawanya kwa 2, kwa 5, kisha kwa 3 mara mbili. Nimebaki na 13,717,421. Hiyo nimeijaribu kwa kila nambari tasa mpaka 97 na zote zimekataa. Je, nimefika mwisho? Ni tasa?

Marahaba. Kazi uliyofanya ni safi, ila mwisho bado. Nambari ikikataa kugawanyika mpaka 97, umejua tu kwamba haina kigawo kidogo. Ili uithibitishe kuwa tasa, sharti uende mpaka kipeuo chake cha pili. Sababu ni kwamba vigawo huja kwa jozi: kimoja kikiwa juu ya kipeuo, mwenzake lazima awe chini yake. Sasa, 3,703 × 3,703 ni 13,712,209, na 3,704 × 3,704 ni 13,719,616. Kipeuo kiko kati ya hizo mbili, nawe umesimama 97. Ukiendelea kujaribu tasa moja moja utafanikiwa, lakini itakayokubali ni tasa ya 504 katika orodha. Kwa kalamu na karatasi, hiyo ni kazi ya jioni nyingi.

Iko njia nyingine, na kwa nambari hii ni fupi ajabu. Ilitumiwa na Pierre de Fermat, Mfaransa wa karne ya 17. Darasani umeshafunzwa kwamba a² − b² ni sawa na (a − b)(a + b). Basi ukiweza kuiandika 13,717,421 kama mraba mmoja ukitolewa kwenye mwingine, vigawo vyake unavyo mkononi.

Anza na nambari nzima ya kwanza iliyo juu ya kipeuo, yaani 3,704. Mraba wake ni 13,719,616. Toa 13,717,421, inabaki 2,195. Je, 2,195 ni mraba kamili? Hapana, wala huhitaji kalkuleta kujua: mraba wowote unaoishia na 5 huishia na 25, na hii inaishia na 95. Songa hadi 3,705. Hapa wanafunzi wengi hupoteza muda kwa kuzidisha upya. Usizidishe. Mraba wa 3,705 unauzidi mraba wa 3,704 kwa 3,704 + 3,705, yaani 7,409. Ongeza hiyo kwenye baki ulilokuwa nalo: 2,195 + 7,409 = 9,604. Na 9,604 ni 98 × 98.

Hapo imefunguka, kwa hatua mbili tu. 3,705 − 98 ni 3,607, na 3,705 + 98 ni 3,803. Hakikisha kwa kuzidisha: 3,607 × 3,800 ni 13,706,600, ongeza 3,607 × 3, ambayo ni 10,821, jumla 13,717,421.

Je, 3,607 na 3,803 zenyewe ni tasa? Hapa ndipo jasho lako linapolipwa. Kipeuo cha ya kwanza ni 60 na kidogo, cha ya pili ni 61 na kidogo. Ungehitaji kuzijaribu kwa tasa zote mpaka 61. Lakini wewe tayari uliijaribu 13,717,421 mpaka 97, na kitu kisichogawanya zao hakiwezi kugawanya mojawapo ya nambari zilizolizaa. Kwa hiyo zote mbili ni tasa na huna la kupima tena. Andika hivi:

1,234,567,890 = 2 × 3² × 5 × 3,607 × 3,803

Tahadhari moja. Njia ya Fermat imeenda mbio kwa kuwa 3,607 na 3,803 zinakaribiana. Zikiwa mbali, ni njia mbaya kabisa. Chukua 987,654,321. Ukiigawanya kwa 9 inabaki 109,739,369, ambayo ni 289 × 379,721. Ukianza na Fermat kutoka 10,476 utahesabu hatua 179,530 kabla ya kufika, ilhali mwenye kujaribu tasa ndogo ndogo anainasa kwa 17, ambayo ni tasa ya saba. Kwa hiyo anza na ndogo kama ulivyofanya, kisha mpe Fermat nafasi ya hatua kumi au ishirini, kisha urudi kwenye tasa. Jambo hili lina uzito hata nje ya darasa. Funguo za siri za RSA, mfumo uliobuniwa mwaka 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, hutengenezwa kwa kuzidisha tasa mbili kubwa mno. Ufunguo wa biti 2,048 (biti ni tarakimu ya 0 au 1) una tarakimu zipatazo 617, lakini tasa zake zikiwa jirani sana, hatua zizo hizo ulizozisoma hapa zinaufungua.

Mimi ni msomaji wa Kawangware. Nimekuwa nikizipanga upya tarakimu hizo kumi nikitafuta nambari tasa. Kila ninayoipata inagawanyika. Nimekosea wapi?

Hujakosea. Huwezi kuipata, kwa sababu haipo. 0 + 1 + 2 mpaka 9 ni 45, na 45 inagawanyika kwa 9. Kupanga upya hakubadilishi jumla, basi kila mpangilio unagawanyika kwa 9. Idadi ya mipangilio ya tarakimu kumi isiyoanza na sifuri ni 3,265,920, na hakuna hata mmoja ulio tasa.

Kanuni yenyewe inatoka hapa: 10 ni 9 + 1, 100 ni 99 + 1, 1,000 ni 999 + 1. Ukiandika 700, umeandika 7 × 99 pamoja na 7. Sehemu ya 99 inagawanyika kwa 9 daima, kinachobaki ni ile 7. Fanya hivyo kwa kila tarakimu na utaona kwamba baki la nambari nzima kwa 9 ni sawa na baki la jumla ya tarakimu zake.

Ukitaka kuendelea na mchezo wako, ondoa tarakimu moja, lakini chagua vizuri. Ukiondoa 0 au 9, jumla bado inagawanyika kwa 9. Ukiondoa 3 au 6, inagawanyika kwa 3. Zinazokupa nafasi ni 1, 2, 4, 5, 7 na 8. Au fanya jambo dogo zaidi: badilisha sifuri ya mwisho iwe 1. Nambari 1,234,567,891 ni tasa. Kuithibitisha kwa kugawanya kunadai tasa zote mpaka 35,136, nazo ni zaidi ya 3,500, kazi inayofaa kuachiwa kompyuta. Inapendeza kuona majirani wawili, mmoja akigawanyika kwa njia nyingi, mwingine hagawanyiki kabisa.

Hamjambo. Mimi ni mweka hazina wa chama chetu cha akina mama hapa Kariobangi. Taarifa ya M-Pesa inaonyesha tumekusanya shilingi 2,700 zaidi ya zilizo kwenye daftari langu. Binti yangu anasema kwa kuwa 2,700 inagawanyika kwa 9, nimepishanisha tarakimu mahali. Ni kweli? Nianzie wapi kutafuta?

Hatujambo, mama. Binti yako ana hoja nzuri, na tunaweza kukusogeza karibu zaidi.

Tarakimu mbili zinazofuatana zikibadilishana nafasi, tofauti inayotokea ni 9 mara tofauti ya tarakimu hizo, mara thamani ya nafasi. Mfano 63 ikiandikwa 36: 6 toa 3 ni 3, mara 9 ni 27. Yako ni 2,700. Gawanya kwa 9 upate 300. Maana yake, kama kweli ni kupishana, waliopishana ni tarakimu ya elfu na tarakimu ya mia, na zinatofautiana kwa 3. Makumi na mamia yakipishana hayawezi kuzaa zaidi ya 810, na maelfu na makumi elfu huanzia 9,000. Hivyo usipoteze muda huko.

Daftari lako ndilo pungufu, basi unatafuta pale ambapo umeandika kiasi kidogo badala ya kikubwa. Pitia mistari inayoanza na 1,4 au 2,5 au 3,6 au 4,7 au 5,8 au 6,9. Kwa mfano 2,500 iliyopaswa kuwa 5,200. Lakini kabla ya hiyo yote, tafuta 300. Mtu aliyetoa 3,000 akaandikiwa 300 analeta tofauti hiyo hiyo ya 2,700, na katika vyama vinavyochanga kwa maelfu kamili, sifuri iliyoanguka ni jambo la kawaida kuliko tarakimu kupishana.

Usiichukue 9 kama hakimu, hata hivyo. Kati ya nambari tisa zinazofuatana, moja hugawanyika kwa 9, kwa hiyo kosa la aina yoyote linaweza kuangukia hapo kwa sadfa. Angalia kama kuna malipo ya 2,700 kamili kwenye taarifa ambayo hayakuingia daftarini. Angalia pia nusu yake, 1,350: fedha iliyoingia ikiandikwa upande wa matumizi, tofauti hujitokeza maradufu. Na siku tofauti isipogawanyika kwa 9, acha kabisa kutafuta tarakimu zilizopishana. Nenda moja kwa moja kwenye malipo yaliyorukwa na hiyo nusu.

Wako wanaokagua hesabu kwa kulinganisha jumla ya tarakimu pande zote mbili. Njia hiyo inanasa makosa mengi, lakini kupishana haikuoni, kwa sababu 5 + 2 na 2 + 5 ni 7 zote.

Ina vigawo vingapi kwa jumla? Na je, ni mraba wa nambari yoyote? (South B)

Mraba si. Nambari nzima inayoishia na sifuri, mraba wake huishia na sifuri mbili, au nne, daima kwa idadi shufwa. Hii ina moja.

Vigawo ni 48. Ukiwa na 2 × 3² × 5 × 3,607 × 3,803, chukua kila kipeo, kiongeze moja, kisha zidisha: 2 × 3 × 2 × 2 × 2. Ile moja ya kuongeza ndiyo inayosahaulika. Inasimama badala ya uamuzi wa kutoitumia tasa hiyo kabisa. Ukitaka kuviorodhesha bila kuruka hata kimoja, andika vigawo 12 vya 90, yaani 1, 2, 3, 5, 6, 9, 10, 15, 18, 30, 45 na 90, kisha uvizidishe vyote kwa 1, kwa 3,607, kwa 3,803 na kwa 13,717,421. Vinafanya jozi 24, na jozi inayokaribiana kuliko zote ni 34,227 × 36,070.

Jumla ya vigawo vyote 48 ni 3 × 13 × 6 × 3,608 × 3,804, yaani 3,211,610,688. Toa nambari yenyewe, vinabaki 1,977,042,798, kiasi kinachoizidi nambari iliyovizaa. Hilo ungeweza kulijua kwa jicho tu. Inagawanyika kwa 6, basi nusu yake, theluthi yake na sudusi yake zote ni vigawo, na hizo tatu peke yake zinajumlika kuwa nambari nzima. Ongeza kigawo 1 na tayari imezidi. Ndivyo ilivyo kwa kila kigawe cha 6 kilicho juu ya 6.

Nimegawanya 9,876,543,210 kwa 1,234,567,890 kwenye simu nikapata 8.0000000729. Kwa nini inakaribia 8 hivi? (Eastleigh)

Ondoa sifuri za mwisho kwanza ili mambo yawe mepesi. Tuite 123,456,789 kwa jina N, na 987,654,321 kwa jina M. Zijumlishe: kila safu inatoa 10, na jumla ni 1,111,111,110. Sasa zidisha N kwa 9: ni 1,111,111,101. Kati ya matokeo hayo mawili tofauti ni 9. Kwa hiyo N + M = 9N + 9, na ukitoa N pande zote mbili unapata M = 8N + 9.

Rudisha sifuri na unapata 9,876,543,210 = 8 × 1,234,567,890 + 90. Hilo baki la 90 ndilo linaloleta mkia wa 0.0000000729. Linakupa pia kigawo kikubwa cha shirika cha nambari hizo mbili bila jasho: 90 inaingia ndani ya 1,234,567,890 bila baki, basi KKS ni 90.

Ninauza na kutengeneza simu Luthuli Avenue. Nimesikia kwamba tarakimu ya mwisho ya IMEI, nambari ya utambulisho ya kila simu, hukokotolewa kutoka zile nyingine. Hukokotolewaje, na je, naweza kuitumia kutambua simu bandia?

Ndugu fundi, ni kweli. IMEI inayotokea ukibonyeza *#06# ina tarakimu 15: nane za kwanza zinataja aina ya simu, sita zinazofuata ni za simu hiyo yenyewe, na ya 15 ni ya kuhakiki. Kanuni ni ya Hans Peter Luhn, mhandisi wa IBM, na hataza yake ilitolewa Marekani mwaka 1960.

Tutumie nambari yetu kama mfano, tukitafuta tarakimu ya kuiongezea mwishoni. Anzia kulia. Tarakimu ya kwanza kutoka kulia izidishe kwa 2, inayofuata iache, inayofuata izidishe, hivyo mpaka mwisho. Jibu likiwa na tarakimu mbili, zijumlishe. Kwa 1234567890: 0 inabaki 0, 9 inaachwa, 8 inakuwa 16, yaani 7, 7 inaachwa, 6 inakuwa 12, yaani 3, 5 inaachwa, 4 inakuwa 8, 3 inaachwa, 2 inakuwa 4, 1 inaachwa. Jumla: 0 + 9 + 7 + 7 + 3 + 5 + 8 + 3 + 4 + 1 = 47. Kinachohitajika kufikisha 50 ni 3. Nambari kamili ni 12345678903.

Kosa la kawaida ni kuanzia kushoto. Hapa ungezidisha 1, 3, 5, 7 na 9, upate jumla ya 43 na tarakimu 7 badala ya 3. Kwa IMEI, zenye kuzidishwa ni ya 14, ya 12, ya 10 na kuendelea. Ya 15 yenyewe haiguswi.

Inanasa nini? Tarakimu moja ikikosewa, itajulikana daima, kwa sababu 0 mpaka 9 zikizidishwa kwa 2 na kujumlishwa tarakimu zinatoa matokeo kumi yasiyojirudia: 0, 2, 4, 6, 8, 1, 3, 5, 7, 9. Tarakimu jirani zikipishana hujulikana pia, isipokuwa 0 na 9. Angalia: 0 ikizidishwa inabaki 0, na 9 inakuwa 18, yaani 9 tena. Kwao kuzidisha na kuacha ni mamoja. Nambari yetu inaishia na 90, basi jaribu 1234567809: jumla ni 47 ile ile na kosa linapita. Lakini pishanisha 7 na 8, uandike 1234568790, na jumla inakuwa 46, hapo limekamatwa.

Kuhusu simu bandia, usiitegemee. Nambari yoyote iliyobuniwa ina nafasi moja kati ya kumi ya kupita, na anayeijua kanuni hii hutunga inayopita kila mara. IMEI iliyonakiliwa kutoka simu halali nayo itapita. Ikikataa, una sababu ya kushuku. Ikikubali, umejua tu kwamba haikuandikwa vibaya. Linganisha ile ya *#06# na iliyo kwenye boksi na kwenye mwili wa simu.

Ninaandika programu, Ngong Road. Nikizidisha 1,234,567,890 kwa 2 kwa lugha ya Java napata −1,825,831,516. Na kwenye hifadhidata ya kazini, nambari za simu za wateja zote zimegeuka 2147483647. Je, ni tatizo moja?

Ni moja. Aina ya `int`, inayotunza nambari nzima, ina biti 32, na kubwa kuliko zote inayoweza kushika ni 2,147,483,647, yaani kipeo cha 31 cha 2, toa 1. Nambari yetu inatosha humo: kwa mfumo wa msingi wa 2 inachukua biti 31. Maradufu yake, 2,469,135,780, haitoshi, na Java inapunguza 4,294,967,296, yaani kipeo cha 32 cha 2, bila kukuambia. Toa uone, utapata hasi hiyo hiyo uliyotuandikia.

Dawa ni `long`, yenye biti 64, lakini iweke mahali panapostahili. Ukiandika `long x = 2 * n` huku `n` ni `int`, kuzidisha kunafanyika ndani ya biti 32 kwanza na jibu bovu ndilo linalohamishwa. Andika `2L * n`.

Hifadhidata ya MySQL nayo ina safu ya INT yenye kikomo kile kile. Simu ya Kenya ikianza na 254 ina tarakimu 12, na zote zinapita kikomo. Mpangilio mkali (strict mode), unaokataa data isiyotoshea, ukiwa umezimwa, MySQL haikatai. Inaandika kikomo chenyewe na kuendelea, ndiyo maana wateja wote wamekuwa na nambari moja. Zilizokwisha kuandikwa hivyo haziwezi kurudishwa kutoka kwenye safu hiyo, itabidi uzitoe kwenye nakala ya akiba. Badilisha safu iwe VARCHAR. Nambari ya simu haijumlishwi wala haizidishwi, na ikihifadhiwa kama maandishi, sifuri ya mwanzo ya 07 haipotei.

Kikomo hicho kinahusu saa pia. Kompyuta nyingi huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, saa za UTC. Gawanya 1,234,567,890 kwa 86,400 upate siku 14,288 na sekunde 84,690: hapa Nairobi ilikuwa 14 Februari 2009, saa nane, dakika 31 na sekunde 30 usiku. Hesabu hiyo ikitunzwa katika biti 32, itajaa Jumanne, 19 Januari 2038, saa kumi na mbili, dakika 14 na sekunde 7 asubuhi kwa saa zetu, na sekunde inayofuata itasomeka kama Desemba 1901. Ukiwa ndani ya hifadhidata hiyo kurekebisha simu, kagua na safu za TIMESTAMP, zinazotunza tarehe na saa. Katika MySQL nazo zina mpaka huo wa 2038, ilhali DATETIME haina.

Wenzako wa ofisi wanaofungua data hiyo kwa Excel waambie jambo moja. Excel hushika tarakimu 15 tu. Ukiandika 1234567890123456, ya 16 inakuwa sifuri, na kubadilisha sura ya seli baadaye hakuirudishi. Seli igeuzwe kuwa ya maandishi kabla ya kuandika, au nambari itanguliwe na alama ya '.